Subiri Lipite: Kuingia na Kutoka Barabara Kuu kwa Usalama

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya hauzungumzii malaria wala kuhara. Unazungumzia janga lisiloletwa na mbu wala maji machafu, nalo hujaza vitanda vya wodi ya majeruhi mwaka mzima, masika na kiangazi. Ni ajali za barabarani. Na katika ajali hizo nitachukua sehemu moja tu: pale mtu anapoingia barabara kuu akitokea njia ndogo, na pale anapoiacha barabara kuu kwenda kwake.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka duniani kwa ajali za barabarani. Lilieleza pia kwamba ajali hizo ndizo zinazoua zaidi watoto na vijana wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Zaidi ya nusu ya wanaokufa si watu waliokuwa ndani ya magari. Ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na wapanda pikipiki. Kwa maneno mengine, ni sisi.

NIANZE NA KOSA LANGU

Miaka kadhaa iliyopita, jioni moja ya masika, nilikuwa nachelewa zamu ya usiku. Nilipanda bodaboda katika kijiji kimoja cha upande wa Kilosa. Tulipofika mahali njia yetu inapokutana na lami ya barabara kuu, kijana alisimama. Upande wa kulia zilionekana taa za lori likitokea Iringa. Akaniambia, "Nesi, tusubiri hili lipite."

Mimi, mtu mzima na mwuguzi, nikamjibu, "Liko mbali hilo. Ingia tu mwanangu, wagonjwa wananisubiri."

Alinitii kwa sababu mimi ni wa umri wa mama yake. Tulikuwa watu wawili na mfuko wa mchele. Pikipiki ilipanda lami taratibu, ikakata kushoto, na kabla haijachanganya mwendo nikasikia honi nyuma yangu. Dereva wa lori alijitahidi kutukwepa. Hakutugonga, lakini kijana alishtuka akaiacha lami, tukaingia mtaroni.

Mimi nilivunjika mfupa wa mkono, karibu na kiganja. Kijana alivunjika paja. Watu wengi hawajui kwamba mfupa wa paja la mtu mzima ukivunjika, damu inaweza kumwagika ndani ya paja lita moja na zaidi, bila hata tone moja kuonekana nje. Tulimpata akiwa na jasho baridi na mapigo ya moyo ya haraka. Alipona, lakini alilala wiki nyingi mguu ukivutwa kwa uzito. Pikipiki haikuwa yake, ilikuwa ya mkataba, na mwenyewe aliichukua. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi saba.

Nilifika kazini usiku ule kama nilivyotaka, ila nilifika kama mgonjwa. Nimesimulia haya ili msomaji asidhani namnyooshea kidole dereva. Safari ile dereva alikuwa na akili, abiria ndiye aliyemharakisha.

KWA NINI MACHO HUTUDANGANYA?

Ng'ombe akipita mbele yako kutoka kushoto kwenda kulia, unaona wazi mwendo wake. Lakini gari linalokuja likikuelekea wewe halionekani kusogea. Linaonekana kukua kidogo kidogo tu, kisha ghafla limefika. Gari kubwa kama lori au basi hudanganya zaidi, kwa maana kwa ukubwa wake huonekana kama linatembea pole pole. Usiku ni vibaya zaidi, kwa kuwa unaona taa mbili tu, na taa hazikuambii mwendo.

Tufanye hesabu ndogo, hata mtoto wa darasa la sita anaweza kuisimamia. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hutembea mita 22 kwa kila sekunde. Lami ya kawaida ya barabara kuu ina upana wa mita kama 7. Mtu mzima mwenye afya huivuka kwa sekunde kama 6. Katika sekunde hizo 6 gari lile litakuwa limetembea mita zaidi ya 130, yaani zaidi ya urefu wa uwanja mzima wa mpira. Kama lina mwendo wa kilomita 100, litatembea zaidi ya mita 160. Bibi mwenye fimbo, mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo kichwani, au kijana anayesukuma baiskeli yenye magunia ya mkaa, watahitaji muda zaidi.

Je, dereva hawezi kushika breki? Anaweza, lakini tangu akuone mpaka mguu wake uguse breki hupita sekunde moja au moja na nusu. Kwa mwendo wa kilomita 80, gari limekwisha kula mita 30 hivi kabla breki haijaanza kazi. Baada ya hapo gari dogo kwenye lami kavu linahitaji tena mita nyingine kama hizo au zaidi ili lisimame. Lori lenye shehena, au lami iliyolowa, huhitaji nafasi kubwa zaidi. Ndiyo maana kusema "ataniona" hakutoshi. Pengine amekuona, ila hawezi kusimama.

NJIA PANDA ZETU

Mikumi ni mahali barabara zinapokutana. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya na Zambia inapita katikati ya mji. Hiyo ndiyo inayobeba mizigo ya bandari kwenda Zambia na Kongo, mchana na usiku. Kutoka hapo njia moja inakwenda Kilosa, nyingine inakwenda Kidatu na Ifakara. Wenzetu wa Kilosa wanaopitia Dumila nao hukutana na barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma.

Kabla ya kufika Mikumi, magari yanayotoka Morogoro hupita takriban kilomita 50 ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Humo mwendo unaoruhusiwa ni kilomita 70 kwa saa mchana na 50 usiku, kwa ajili ya wanyama. Dereva aliyejizuia umbali wote huo huweza kutamani kufidia muda mara tu anapotoka. Nasi ndio tunaosimama pale anapotokea.

Sheria inataka magari yasizidi kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na mabasi na malori yasizidi 80 nje ya makazi. Wewe lakini usivuke kwa kuamini kwamba kila dereva anaitii sheria. Vuka kwa kuamini macho yako, tena baada ya kuyapa muda.

UNAPOINGIA BARABARA KUU KWA CHOMBO

Kanuni ya kwanza ni hii: aliye kwenye barabara kuu ana haki ya kupita, anayeingia ndiye anayesubiri. Kisha fuata hatua hizi:

1. Simama kabisa kabla ya lami, hata kama huoni gari. Kupunguza mwendo tu hakutoshi, kwa kuwa chombo kinachotembea humfanya mtu aangalie mara moja na kupita.

2. Tazama kulia, tazama kushoto, kisha tazama kulia tena. Nchini kwetu tunaendesha upande wa kushoto, hivyo gari la kwanza kukufikia hutokea kulia.

3. Usisahau gari linalopita jingine. Hata kama unakata kushoto, na upande wa kulia ni kweupe, gari la upande wa kushoto linaweza kuwa linalipita lori na kukujia katika upande wako.

4. Kama kuna basi, mti, kibanda au kona inayokuzuia kuona, usibahatishe. Sogea kidogo mpaka uone, au tafuta mahali pengine pa kuingilia.

5. Ukiona nafasi ni ya wasiwasi, si nafasi. Subiri lipite.

6. Ukishaamua, ingia moja kwa moja, shika upande wako wa kushoto, na uongeze mwendo. Kuingia kisha ukatambaa katikati ya lami ni hatari sawa na kuingia kwa haraka. Pikipiki yenye watu watatu na mzigo haiwezi kuchanganya mwendo upesi. Hii ni sababu moja zaidi ya kubeba abiria mmoja tu.

UNAPOTOKA BARABARA KUU

Watu wengi huogopa kuingia na kusahau kwamba kutoka nako kunaua. Dereva aliye nyuma yako hajui kwamba kwenu ni hapo kwenye mwembe. Mjulishe mapema. Washa taa ya ishara kabla hujafika, punguza mwendo taratibu, angalia kioo cha pembeni, kisha uondoke. Usishike breki ghafla kwa sababu umemwona shemeji yako kando ya njia.

Kukata kulia ndiko kugumu zaidi. Hapo unasimama karibu na katikati ya lami, mbele yako magari yanakuja, na nyuma yako kuna mtu ambaye pengine anataka kukupita upande ule ule unaotaka kukata. Mwenye pikipiki au baiskeli namshauri hivi: kama kuna magari nyuma, toka kwanza upande wa kushoto, simama nje ya lami, subiri pande zote mbili ziwe tupu, ndipo uvuke. Utapoteza dakika mbili. Paja likivunjika utapoteza miezi.

BARABARA ZENYE NJIA NYINGI

Vijana wetu wengi wako Dar es Salaam, nasi huenda kuwatembelea au kupeleka wagonjwa. Huko mambo yamebadilika. Daraja la juu la Mfugale pale TAZARA lilifunguliwa mwaka 2018, na lile la Kijazi pale Ubungo mwaka 2021. Barabara ya Morogoro kati ya Kimara na Kibaha imepanuliwa ikawa na njia nane. Majirani zetu wa Kenya walianza kutumia barabara ya juu ya Nairobi, yenye kilomita 27, mwaka 2022. Kwenye barabara za namna hii mara nyingi huingii kwa kukata kona. Unaingia kwa njia ya pembeni inayopanda au kushuka, kisha inaungana na barabara kubwa.

Njia hiyo ya pembeni imewekwa ili chombo kipate mahali pa kuongeza mwendo kabla ya kuungana na wengine. Kwa hiyo itumie hivyo. Washa taa ya ishara, ongeza mwendo ukaribie ule wa magari ya barabara kubwa, angalia kioo, geuza shingo kidogo utazame mahali kioo kisipoonyesha, kisha ingia katika nafasi uliyoiona. Ukiingia kwa mwendo wa konokono, anayekuja nyuma atalazimika kushika breki ya ghafla. Ukisimama mwishoni mwa njia hiyo bila sababu, wa nyuma yako atakugonga. Lakini kama nafasi hakuna kabisa, punguza na usubiri. Haki ya kupita bado ni ya walio kwenye barabara kubwa.

Wakati wa kutoka, kinyume chake ndicho sahihi. Soma vibao mapema, hamia njia ya kushoto mapema, ingia kwenye njia ya kutokea, na hapo ndipo upunguze mwendo. Ukipitiliza mahali pako pa kutokea, endelea mpaka pa kutokea panapofuata. Usirudi nyuma hata hatua moja, wala usikate ghafla mbele ya wenzako. Na njia za mabasi ya mwendokasi si za pikipiki wala za miguu.

Kwa watembea kwa miguu, madaraja na vivuko viliwekwa kwa ajili yenu. Barabara ya njia nane haivukwi kwa mbio.

KWA ABIRIA, WATEMBEA KWA MIGUU NA WAZAZI

Anayeshuka basi asivuke mbele ya basi wala mara moja nyuma yake. Hapo humwoni anayekuja, naye hakuoni. Acha basi liondoke, ndipo utazame na kuvuka.

Ukitembea kandokando ya barabara kuu isiyo na njia ya miguu, tembea upande wa kulia ili magari ya upande huo yakujie usoni. Jioni vaa nguo nyeupe au yenye rangi ya kung'aa, au shika tochi. Kitenge cheusi usiku hakionekani mpaka taa zimekufikia.

Mtoto mdogo hajui kukadiria mwendo wa gari. Si ukaidi wake, ni umri wake. Hivyo mshike mkono, tena mshike kifundo, kwani vidole huponyoka. Msimtume dukani ng'ambo ya lami peke yake. Baada ya Misa ya Jumapili watoto hutoka kwa furaha na mbio. Parokia zilizo karibu na barabara kuu zingefaa kuwa na watu wazima wawili wa jumuiya wa kuwavusha.

Mkanda wa gari unaweza kupunguza hatari ya kifo kwa nusu kwa wale wanaoketi mbele. Kofia ngumu ya pikipiki hulinda ubongo, mradi iwe imefungwa kidevuni. Kofia iliyotundikwa mkononi hulinda kiwiko.

Na ndani ya hifadhi, usisimamishe gari katikati ya lami ili kumwangalia tembo au twiga. Anayekuja nyuma hatazami tembo, yuko kazini. Usiku wanyama hutokea ghafla, nao hawajui kulia wala kushoto.

AJALI IKISHATOKEA

1. Linda mahali pa ajali kwanza. Weka pembetatu za kuakisi mwanga au matawi mbali, pande zote mbili, ili gari jingine lisije juu ya majeruhi.

2. Kama ni lori la mafuta, ondokeni wote. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka karibu na Msamvu, Morogoro, watu wakakusanyika kuchota, moto ukawaka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Hakuna petroli ya bure.

3. Piga simu 112 ya polisi, au 114 ya Zimamoto na Uokoaji.

4. Damu ikitoka, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia. Ukipata mipira ya mikono au mfuko safi wa plastiki, jikinge.

5. Usimvute majeruhi kwa mikono wala kumkunja ili aenee kwenye kiti. Kama hakuna moto wala hatari nyingine, mwache alipo, na mtu mmoja amshike kichwa kisicheze. Ikibidi kumbeba, abebwe na watu kadhaa akiwa amenyooka, juu ya ubao au mlango.

6. Usimpe maji, chai wala soda. Huenda akahitaji kupasuliwa, na tumbo lililojaa huhatarisha maisha.

7. Mleteni hospitali hata kama anasema hajaumia. Mkumbukeni yule kijana na damu iliyojificha ndani ya paja. Fomu ya polisi, PF3, ifuatiliwe na ndugu mmoja wakati majeruhi yuko njiani. Uhai kwanza, karatasi baadaye.

NENO LA MWISHO

Msomaji atauliza, je, yule kijana yuko wapi? Yupo, na mtoto wao sasa anasoma. Anachechemea kidogo wakati wa baridi, na amerudi kwenye pikipiki. Nilimwomba msamaha mara nyingi mpaka akanikataza. Nikipanda naye, tukifika kwenye lami anasimama, anageuka kidogo na kuniuliza, "Mama, hili tulisubiri?"

Namjibu, "Tulisubiri, mwanangu, na lile la nyuma yake pia."

Mwezi huu jaribuni jambo moja nyumbani. Nendeni pamoja na watoto mpaka kwenye barabara kuu iliyo karibu nanyi, msimame mbali na lami, mhesabu sekunde tangu gari lionekane mpaka lipite. Hesabuni magari kumi. Mtashangaa jinsi zilivyo chache. Na kila abiria ajiwekee neno hili: dereva wako akisimama kusubiri, usimharakishe.

Tukutane mwezi ujao, sote tukiwa wazima.